Bunduki na Kaliba ya Kumwinda Dubu Mweusi: Mwongozo Kamili

Swali la kaliba, yaani unene wa kichwa cha risasi, huja mapema mno. Mtu hajajua atawinda jimbo gani, hajajua atampiga dubu akiwa mita 20 au mita 200, lakini tayari anabishana kati ya .308 na .300 Winchester Magnum ipi inaua zaidi. Dubu mweusi huanguka vizuri tu risasi ikipita mahali pake. Ikikosea kwa upana wa kiganja, utamtafuta usiku kucha na huenda usimpate. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na namna ya kuwinda, unapita kwenye mwili wa mnyama na kichwa cha risasi, ndipo unafika kwenye kaliba, bunduki, darubini na mazoezi.

Vipimo kwanza, maana maduka ya Amerika hayatumii vyetu. Uzito wa kichwa cha risasi huandikwa kwa greni, na greni 100 ni gramu 6.5. Umbali huandikwa kwa yadi, na yadi 100 ni mita 91. Tunataja greni na yadi kama zilivyo kwenye sanduku la risasi na kwenye uwanja wa shabaha, ili usipotee ukifika huko.

Karatasi kabla ya chuma

Marekani, bunduki dukani hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho. Unajaza Fomu 4473, naye anakukagua kwenye mfumo wa FBI uitwao NICS. Mkazi wa kudumu mwenye "green card" anaruhusiwa, ilimradi hana kizuizi kingine. Aliyeko kwa viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi au mtalii, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa mtu wa aina hii leseni hutangulia, bunduki hufuata. Ukigeuza mpangilio huo unavunja sheria hata kama hujafyatua risasi hata moja. Karibu kila jimbo pia linataka cheti cha mafunzo ya uwindaji, na cheti cha jimbo moja hukubalika kwingine.

Kanada ina njia yake. Mkazi anasoma kozi ya usalama wa silaha kisha anaomba leseni ya kumiliki silaha iitwayo PAL. Mgeni anayeingia na bunduki yake ya kuwindia anajaza fomu ya tamko la silaha (RCMP 5589) mpakani, nayo humtosha kwa siku 60. Asiye mkazi wa Kanada hawezi kuwinda wanyama wakubwa British Columbia bila kuwa na kiongozi. Alaska nayo inamtaka mgeni anayetoka nje ya Marekani awe na kiongozi mwenye leseni.

Halafu kuna kanuni za jimbo, na hizi ndizo zinazochagua bunduki kabla hujaichagua wewe:

- Colorado inataka kaliba isiyopungua .24, yaani milimita 6. Kwa dubu, kichwa cha risasi kiwe cha kupanuka, chenye greni 70 au zaidi, na kiwe na nguvu ya futi-pauni 1,000 (karibu jouli 1,356) kikifika yadi 100.
- Pennsylvania hairuhusu bunduki inayojipakia yenyewe kwa wanyama wakubwa.
- California imepiga marufuku risasi za risasi, yaani zenye madini ya risasi, kwa uwindaji wote tangu 1 Julai 2019. Huko ni shaba tupu.
- Montana haikuuzii leseni ya dubu mweusi mpaka ufaulu mtihani wa kumtofautisha na grizzly, yule dubu mkubwa wa kahawia.

Kanuni hubadilika kila msimu. Pakua kijitabu cha mwaka huo cha jimbo lako na usome ukurasa wa silaha zinazoruhusiwa kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Jua utawindaje

Njia ya kwanza ni chambo. Maine, Alberta, Saskatchewan na Manitoba huruhusu, na sehemu za Idaho pia. Mwindaji hukaa juu ya jukwaa mtini au ndani ya kibanda, mbele yake kuna pipa la chakula, kwa kawaida mita 15 hadi 60. Dubu huja jioni giza likiingia. Hapa hakuna haja ya risasi inayoruka mbali. Kinachohitajika ni bunduki fupi, darubini inayokusanya mwanga, na kichwa cha risasi kinachotoboa upande wa pili.

Usidhani chambo ni halali kila mahali. Wapiga kura wa Colorado walikipiga marufuku pamoja na mbwa mwaka 1992, Oregon ikafuata 1994, Washington 1996.

Njia ya pili ni kumtafuta kwa macho milimani, hasa majira ya kuchipua, dubu wanapotoka mapangoni na kula majani mabichi kwenye miteremko inayopigwa na jua. Idaho, Montana na British Columbia ndiko kwenye uwindaji huu. Umbali ni yadi 100 hadi 300, unatembea sana, na risasi unaipiga ukiwa umekaa au umelala juu ya begi.

Ya tatu ni msako wa kikundi, ulio maarufu Pennsylvania, ambako watu hupanga mstari na kupita vichakani ili dubu akimbilie kwa wenzao. Hapo anaonekana ghafla, karibu, akiwa mbioni. Ya nne ni mbwa: dubu anapandishwa mtini na unampigia mita 10 au 20 kutoka chini. Kwa hizi mbili bunduki nyepesi ya mtutu mfupi ndiyo inayofaa, mengine ni ziada.

Andika umbali wako mrefu kabisa unaoutarajia na mwanga utakaokuwepo. Namba hiyo itakurudia kwenye kila hatua.

Hatua ya 2: Mwili wa dubu na kwa nini hupotea

Dume mzima huwa kati ya kilo 60 na 225, jike ni mdogo zaidi. Pennsylvania na North Carolina wamewahi kupigwa dubu waliozidi kilo 350, ila usinunue bunduki kwa ajili ya dubu wa picha ya gazetini. Wengi utakaowaona wako chini ya kilo 140. Na jina lisikudanganye: dubu "mweusi" anaweza kuwa kahawia, mwekundu kama mdalasini, hata wa rangi ya majani makavu. Grizzly anatambulika kwa nundu ya mabega, uso uliobonyea kati ya macho na pua, na kucha ndefu za mbele. Rangi haimtambulishi.

Moyo na mapafu vinakaa kwenye eneo la duara lenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, nyuma ya bega. Manyoya marefu yanaficha mstari halisi wa tumbo na kifua. Ndiyo maana wageni hupiga chini mno: wanalenga theluthi ya chini ya kile wanachokiona, kumbe pale kuna manyoya tu.

Tatizo la pili ni mafuta. Kabla ya kulala majira ya baridi dubu hujaza tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Tundu la risasi likiwa moja tu, tena juu, mafuta huliziba na manyoya hunyonya damu kidogo inayotoka. Dubu aliyepigwa mapafu hukimbia mita 50 au 100 kwenye msitu mnene bila kuacha tone, kisha anafia mahali ambapo unaweza kupita hatua mbili kando yake usimwone. Ukitaka kumpata, taka matundu mawili: la kuingilia na la kutokea. Sharti hili ndilo linaloamua kichwa cha risasi, na kichwa cha risasi ndicho kinachoamua kaliba.

Hatua ya 3: Kichwa cha risasi

Ukiwa na pesa ya ziada, iweke hapa kabla ya kuiweka kwenye bunduki. Risasi nzima ina ganda, fataki (kiwashio cha nyuma), baruti na kichwa, na kinachomgusa mnyama ni kichwa peke yake. Kuna aina nne utakazokutana nazo dukani.

Cha kawaida cha ncha laini ni kiini cha madini ya risasi ndani ya koti la shaba. Ni cha bei nafuu na kinafanya kazi vizuri kwa mwendo wa wastani, kama wa .30-30 au wa .308 yenye greni 180. Shida huja kikienda kasi sana na kugonga mfupa wa bega kwa karibu: koti linaachana na kiini, vipande vinasambaa, tundu la pili halipatikani.

Kilichounganishwa kina kiini na koti vilivyoshikamanishwa ili visiachane. Federal Fusion na Nosler AccuBond ni mifano inayopatikana kirahisi. Kwa mtu mmoja, bunduki moja, dubu wa umbali wowote wa halali, hiki ndicho chaguo letu la kwanza.

Chenye ukuta katikati ni Nosler Partition, kilichoingia sokoni mwaka 1948 na bado hakijazeeka. Nusu ya mbele hupanuka, ukuta wa shaba huizuia nusu ya nyuma isivunjike, nayo huendelea kutoboa.

Cha shaba tupu, kama Barnes TSX, hupanuka kama ua la petali nne na hubaki na karibu uzito wake wote. Kinatoboa kuliko vyote. Kinapenda mwendo kasi, kwa hiyo chagua uzito mwepesi kidogo: kwa .308 chukua greni 150 badala ya 180. Kikifika mbali na kasi imeshuka, hupanuka kidogo na tundu huwa jembamba.

Viache dukani vichwa vya mashindano vyenye koti jembamba, vile vya kuulia panya wa mashambani, na vile vya kijeshi vilivyofunikwa chuma kote. Vya kijeshi hupita bila kupanuka, na majimbo mengi yamevikataza kwa wanyama wakubwa.

Hatua ya 4: Kaliba

Sasa ndiyo zamu yake. Tunazipanga kwa kazi, si kwa ukubwa.

Kwa chambo na vichaka. .30-30 Winchester ni ya mwaka 1895 na bado inaua dubu wengi. Greni 170 hutoka mtutuni kwa mita 670 hivi kwa sekunde, ikiwa na jouli karibu 2,480. Ukiiweka sawa yadi 100, kwenye yadi 200 imeshuka karibu sentimita 20, kwa hiyo ichukulie kuwa bunduki ya yadi 150. .35 Remington yenye greni 200 hufanya kazi ileile kwa tundu pana zaidi, ila risasi zake ni adimu madukani. .45-70 Government, iliyozaliwa 1873, husukuma greni 300 na zaidi, hutoboa tundu pana na huacha damu nyingi. Tahadhari moja: risasi za .45-70 zenye shinikizo kubwa zimetengenezwa kwa bunduki za kisasa. Ukiziweka kwenye Springfield kongwe ya karne ya 19 chemba inaweza kupasuka mbele ya uso wako.

Kwa kila kitu. .308 Winchester, .30-06 Springfield, .270 Winchester na 7mm-08 Remington. Ukitaka jibu fupi kabisa, chukua .308 yenye greni 165 au 180 zilizounganishwa, na usiendelee kusoma kurasa za mabishano. .30-06 inaongeza kasi kidogo: greni 180 kwa mita 820 hivi kwa sekunde. .270 hupiga greni 130 kwa mita 930 hivi, nzuri milimani, ila kwa dubu chagua greni 140 au 150 zenye kichwa imara. 7mm-08 ni rafiki wa bega la mtu mwembamba na haipungukiwi na chochote mpaka yadi 250.

6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007, inatosha. Kichwa chake ni chembamba, kwa hiyo tundu la kutokea ni dogo na damu ardhini ni chache. Chagua greni 140 zilizounganishwa au 120 za shaba, na uache risasi ya bega la mbele kwa walio na kaliba nene zaidi. .243 Winchester ni halali sehemu nyingi, nayo humwua dubu kwa mkono wa mtu mzoefu anayekubali kuacha nafasi mbaya ipite. Kumpa anayeanza kwa sababu "haina teke", yaani hairudi begani kwa nguvu, ni kumpa silaha isiyosamehe.

Kwa nchi ya grizzly. Montana au pwani ya Alaska unaweza kumwinda dubu mweusi huku grizzly akiwinda kwenye bonde hilohilo. Hapo .30-06 yenye greni 180 au 200 ngumu, au .338 Winchester Magnum ya mwaka 1958, ina mantiki. Hata hivyo mkebe wa dawa ya pilipili kiunoni ni lazima, kwa kuwa bunduki hutundikwa mtini wakati wa kuchuna na hapo ndipo grizzly hufika.

Msomaji wa Tanzania aliyezoea kusikia .375 H&H ikitajwa kwa nyati asiihamishie hesabu hiyo huku. Itamwua dubu mweusi, bila shaka, lakini hakuna kazi hapa isiyowezwa na .308. Na ile .303 ya Lee-Enfield ambayo Afrika Mashariki iliijua tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la King's African Rifles? Kanada bado imejaa bunduki hizo, na greni 180 za ncha laini zinamtosha dubu wa chambo kabisa. Hakikisha tu fundi amepima nafasi ya chemba, kwa kuwa nyingi zimechoka.

Sasa teke. Kwa bunduki ya kilo 3.4 hivi, .243 hurudi na jouli 13 au 14, 6.5 Creedmoor 16, .308 karibu 24, .30-06 karibu 27. .300 Winchester Magnum hufika 35, .338 hata 45. Wapigaji wengi huanza kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa woga mahali fulani baada ya 27. Hawajijui, mpaka mtu awawekee ganda tupu katikati ya risasi nzima bila kuwaambia: kifyatulio kikilia "tik" na mtutu ukaruka chini, ugonjwa umeonekana. Jaribu hilo kabla ya kununua magnamu.

Hatua ya 5: Bunduki yenyewe

Bunduki ya bolti, unayopakia kwa kuvuta na kurudisha komeo kwa mkono, ndiyo rahisi kuiamini: imara kwenye baridi na matope, rahisi kusafisha, na hata za bei ya chini siku hizi hupiga risasi tatu ndani ya sentimita 4 kwa yadi 100. Ruger American, Savage 110 na Tikka T3x ziko kwenye daraja tofauti za bei, na yoyote kati yao inamtosha dubu. Winchester Model 70 yenye kucha kubwa ya kushikia ganda, kwa mtindo wa Mauser, hupendwa nchi ya grizzly kwa sababu hunasa risasi tangu inapotoka kwenye magazini.

Bunduki ya wenzo, unayopakia kwa kushusha na kupandisha mkono ulio chini ya kifyatulio, kama Marlin 336 au Winchester 94, ni nyembamba, fupi, na hupakia upesi. Ina sharti moja la kutochezewa: magazini yake ni bomba chini ya mtutu, na risasi hulala ncha ya moja ikigusa fataki ya nyingine. Kichwa chenye ncha kali kinaweza kuigonga fataki ya mbele bunduki ikipiga teke, na risasi zikalipuka ndani ya bomba. Tumia vichwa bapa, au vyenye ncha ya plastiki laini vya Hornady LEVERevolution. Browning BLR ni wenzo wenye magazini ya sanduku, kwa hiyo ncha kali haina tatizo.

Mtutu wa inchi 20 hadi 22 unatosha kila mahali. Kwa jukwaani hata inchi 18 inafaa. Uzito pamoja na darubini uwe kilo 3.4 hadi 3.9. Chini ya hapo teke linauma, juu ya hapo utaiacha kambini.

Kipimo cha kitako: kunja kiwiko nyuzi 90, weka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, kidole kifike kifyatulio kwa pingili ya kwanza bila kujivuta. Kitako cha kawaida kina sentimita 35 hivi. Kimekuwa kirefu? Darubini haitaonekana vizuri ukiwa umevaa koti zito, na uwindaji wa dubu ni wa koti zito. Ukitumia mkono wa kushoto, nunua ya kushoto. Kifyatulio kikatike kwa kilo 1.4 hadi 1.8, bila kuvutika kama mpira.

Kwa mvua ya pwani ya Alaska na British Columbia chagua chuma kisichoshika kutu na kitako cha plastiki. Mbao huvimba, ikaukandamiza mtutu, na risasi zikahama bila wewe kujua.

Kabla ya kulipa, omba kuweka risasi bandia nne kwenye magazini na uzipitishe zote, polepole kisha upesi. Bunduki inayokwama dukani itakwama porini.

Hatua ya 6: Darubini

Kosa la kawaida ni kununua kubwa. Kwa chambo mita 20, darubini iliyowekwa mara 9 inakuonyesha manyoya meusi tu: hujui ni bega, tumbo au kisiki. Inayoanzia 1 au 2 ndiyo ya jukwaani, kama 1-4 au 2-7. Milimani 3-9x40 inatosha, yaani ukuzaji wa mara 3 hadi 9 na lenzi ya mbele ya milimita 40.

Hesabu ya mwanga ni rahisi. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 40 kwa 6 ni milimita 6.7, karibu na mboni ya jicho la kijana gizani. Ukiweka mara 9 unapata 4.4, na picha inafifia hapo hapo unapoihitaji. Giza likiingia, punguza ukuzaji.

Msalaba wa kulengea ndani ya darubini, ukiwa mwembamba na mweusi, juu ya mnyama mweusi chini ya misonobari hauonekani. Nunua wenye mistari minene au nukta inayowaka, na ubebe betri ya akiba. Jicho likae sentimita 9 au 10 kutoka kwenye lenzi ya nyuma. Ukiwa karibu zaidi, hasa ukipiga kwenda juu mtini, ukingo wa darubini utakupasua nyusi.

Hatua ya 7: Kufunga na kuweka shabaha

1. Safisha mafuta kwenye matundu ya skrubu. Funga besi na pete kwa bisibisi ya kupima mkazo. Skrubu za pete nyingi hutaka inchi-pauni 15 hadi 18. Fuata karatasi ya mtengenezaji. Kukaza kwa hisia ya mkono ndicho chanzo kikubwa cha darubini zinazohama.
2. Toa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, tazama shabaha ya yadi 25 kupitia ndani ya mtutu, kisha sogeza msalaba ukutane nayo bila kugusa bunduki.
3. Piga risasi moja yadi 25. Mbofyo wa kawaida ni robo inchi kwa yadi 100, kwa hiyo kwa yadi 25 unahitaji mibofyo 16 kuhama inchi moja. Wengi husahau hili na kudhani darubini ni mbovu.
4. Ikishagonga katikati kwa yadi 25, .308 itakuwa juu kwa karibu sentimita 5 kwenye yadi 100.
5. Nenda yadi 100. Piga tatu, acha mtutu upoe, rekebisha kwa kufuata katikati ya kundi la zote tatu.
6. Wa chambo amalizie sawa kwa yadi 100. Wa milimani aweke sawa yadi 200: .308 yenye greni 165 itakuwa juu sentimita 5 kwa yadi 100 na chini sentimita 21 hivi kwa yadi 300.
7. Maliza kwa risasi zilezile utakazowindia. Aina nyingine, hata ya uzito uleule, inaweza kugonga sentimita 8 pembeni.

Ukisafiri kwa ndege au kwa gari la barabara mbovu, piga tena risasi mbili ukifika. Na ukiwa nchi ya baridi kali, futa mafuta ya bolti mpaka ibaki karibu kavu. Mafuta mazito huganda, pini ikagonga fataki kwa uvivu, risasi isiwake.

Hatua ya 8: Mtihani wa sahani

Chukua sahani za karatasi za sentimita 20. Simama, tembea haraka mpaka pumzi ipande, kisha piga kwa mkao wa porini: umekaa, umepiga goti, au umeegemea fimbo za kupigia. Meza ya uwanjani haihesabiki. Umbali mrefu zaidi ambao risasi zote tano zinaingia kwenye sahani ndio mpaka wako, hata kama bunduki inaweza mara mbili yake. Nne kati ya tano si kufaulu. Wa jukwaani afanye zoezi hili akiwa juu, amekaa, amevaa glavu, jioni.

Hatua ya 9: Risasi yenyewe

Subiri dubu asimame ubavu kamili, au ageuke kidogo akielekea mbali nawe, na mguu wa mbele wa upande wako uwe umesogea mbele. Panda kwa macho kufuata nyuma ya mguu huo mpaka karibu nusu ya urefu wa kifua, kisha rudi nyuma ya bega kidogo. Hapo. Akiwa ameinamia pipa, uti wa mgongo umejikunja na vipimo vyote vimeshuka. Mwache ainue kichwa. Ukiwa juu mtini, fikiria mahali risasi itakapotokea chini upande wa pili, ulenge kwa kuanzia hapo.

Anayekutazama uso kwa uso, aliyekupa mgongo, au aliyeketi kama mtu: mwache. Kichwani usipige. Fuvu limeinama, ubongo ni mdogo, na utaona sababu nyingine hapa chini.

Ukishafyatua, pakia papo hapo jicho likiwa bado kwenye darubini. Akiwa bado amesimama au anatembea na unamwona, piga tena. Kisha kaa kimya usikilize. Dubu mweusi mara nyingi hutoa mlio mrefu wa huzuni anapokufa, na mlio huo ni habari njema kuliko damu yoyote. Weka alama kwa macho pale aliposimama na pale alipopotelea, ngoja dakika 30, ndipo ushuke.

Angalia rangi ya damu. Nyekundu angavu yenye mapovu ni mapafu, fuata. Nyeusi nzito ni ini, ngoja saa kadhaa. Majimaji ya kijani au chakula ni tumbo: ngoja zaidi, na usiingie kichakani gizani peke yako na bunduki yenye darubini iliyoachwa mara 9. Irudishe kwenye namba ya chini kabisa kabla ya hatua ya kwanza.

Mkute kutoka nyuma, gusa jicho kwa fimbo ndefu, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Asipopepesa, toa risasi chembani kabla ya kuilaza bunduki. Kisha jaza na ufunge lebo ya leseni palepale, na umweke kijiti cha unene wa kidole gumba kati ya meno kabla taya halijakakamaa. Colorado na Maine hutaka jino dogo lililo nyuma ya chonge ili wajue umri wa dubu, na afisa hawezi kulitoa kwenye mdomo uliogandamana, wala kwenye fuvu lililosambaratishwa na risasi.